Kitufe Kimoja: Mashine ya Nukta Nundu na Mpango wa Elimu wa Mtoto Asiyeona

Mwalimu mmoja wa fizikia alipata kuniuliza kwa nini mwanafunzi wake asiyeona, aliye hodari wa kujibu kwa mdomo, alikuwa akileta majibu ya maandishi yasiyosomeka. Tulipoikagua mashine ya mwanafunzi huyo tuliona kwamba kitufe kimoja kati ya sita hakikuwa kikipiga nundu. Je, hitilafu ya kitufe kimoja yaweza kuharibu maandishi yote? Swali hili ni la hesabu, nasi tutalijibu kwa hesabu.

1. Msingi wa nukta nundu

Maandishi haya yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka angali mtoto mdogo. Alikamilisha msingi wake mwaka 1824, akauchapisha mwaka 1829. Kila alama huandikwa katika chumba chenye nafasi sita, zilizopangwa hivi:

1   4
2   5
3   6

Herufi a ni nukta 1. I ni nukta 2 na 4. M ni nukta 1, 3 na 4. Kila nafasi ina hali mbili tu: ama ina nundu, ama haina. Basi jumla ya miundo ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 64. Tukiondoa chumba kitupu, ambacho hutenga maneno, zinabaki alama 63.

Mashine iliyoundwa na David Abraham wa shule ya Perkins huko Marekani, na kuanza kuuzwa mwaka 1951, ina kitufe kimoja kwa kila nukta. Mwandishi huvibonyeza kwa pamoja vile vinavyohitajiwa na herufi.

2. Hesabu ya hasara

Tuchukulie kwamba kitufe cha nukta 1 kimeharibika. Nafasi zitumikazo ni tano. Miundo ni 32, na alama ni 31. Hata hivyo, hasara ya kweli ni kubwa zaidi, kwa kuwa kati ya herufi 26 za alfabeti, 21 huhitaji nukta 1. Zinazosalimika ni i, j, s, t na w tu. Katika neno maji, m hugeuka alama isiyo herufi, a hutoweka na kuacha pengo, kisha hubaki ji. Msahihishaji atadhani kwamba mwanafunzi hakujua jibu, kumbe kosa ni la mashine.

3. Mambo ya kuandikwa katika mpango

Kutokana na hayo, ni dhahiri kwamba kumpa mtoto kifaa hakutoshi. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1990 ilieleza kuwa huduma ya vifaa saidizi ni pamoja na kuvitengeneza, na kuwafundisha mtoto, jamaa zake na walimu. Marekebisho ya mwaka 1997 yakawataka waandaao mpango wa elimu wa kila mtoto mwenye ulemavu wafikirie kama anahitaji vifaa hivyo. Nchi zetu nazo zina wajibu: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataka kurahisishwa kwa mafunzo ya nukta nundu.

Kwa hiyo mpango wa mtoto ueleze:
(a) kazi ambayo mtoto ashindwa kuifanya bila kifaa;
(b) kifaa kinachofaa, na mahali kitakapotumika, pamoja na chumba cha mtihani;
(c) atakayemfundisha mtoto na walimu wake;
(d) atakayekikagua na kukitengeneza, na kifaa cha akiba kitakachotumika wakati huo.

Aghalabu kipengele cha (d) ndicho kisahauliwacho, nacho ndicho kingalimwokoa mwanafunzi wetu.

Zoezi

1. Herufi k ni nukta 1 na 3. U ni nukta 1, 3 na 6. Kitufe cha nukta 6 kikiharibika, neno kuku litasomekaje?
2. Vitufe viwili vikiharibika, zitabaki alama ngapi?
3. Chagua kifaa kingine, kama vile kisaidia kusikia, ukiandikie vipengele (a) hadi (d).