Dondoo muhimu: Chenso ndogo ya bei nafuu kwa kazi za shamba

Kwa kupogoa miembe, kukata kuni na nguzo za uzio, bapa la inchi 14 hadi 16 linatosha. Refu zaidi huchosha mikono na injini ndogo.

Kabla ya kuuliza bei, uliza vipuri. Mnyororo, plagi, kabureta na kamba ya kuwashia vipatikane mjini kwako. Bila hivyo, chenso rahisi itageuka chuma chakavu mara kamba ikikatika.

Dukani, iwashe ikiwa baridi. Ikiunguruma taratibu, mnyororo usizunguke. Sukuma kinga ya mbele: breki ishike papo hapo. Isiposhika, iache hata ukipunguziwa nusu ya bei. Chenso ikiruka nyuma, breki hiyo ndiyo inayookoa uso wako.

Soma kipimo cha mchanganyiko wa oili na petroli kwenye kitabu cha chenso. 1:50 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. 1:25 ni mililita 200. Ukikosea kwa kupunguza oili, pistoni inaungua. Oili ya mnyororo ina tangi lake.

Bakiza fedha za tupa ya duara, miwani na buti ngumu. Nunua hivyo siku hiyo hiyo.