Simu Inayomwongoza Dereva na Namna ya Kuijaribu: Mfano wa Barabara ya Mlalo

Lori lililosheheni kabichi likiondoka Mlalo alasiri lina saa chache tu za kufikisha mzigo wake ukiwa mzima, kwani mboga hazingoji. Kutoka Mlalo hadi mji wa Lushoto ni mwendo wa yapata kilometa 30, katika barabara inayopindapinda kwenye milima ya Usambara na kupitia Magamba. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kwenye barabara kuu, zimesalia kilometa 33 hivi za lami, zinazoteremka kutoka mwinuko wa mita 1,400 hadi chini ya mita 500. Dereva mzoefu huifahamu kila kona. Dereva mgeni, ukungu ukiwa umetanda na giza likiingia, huenda akaitegemea simu iliyowekwa mbele yake. Je, simu hiyo hujuaje mahali lilipo lori? Na ni nani aliyethibitisha kwamba maelekezo yake yanafaa kufuatwa mlimani?

Namna mahali panavyojulikana

Simu hupokea mawimbi ya redio kutoka katika setilaiti zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilometa 19,000 na zaidi. Mfumo wa Marekani, unaojulikana kwa herufi GPS, ndio uliotangulia kutumiwa sana na madereva. Leo simu nyingi hutumia pia mifumo ya Urusi, ya Ulaya na ya China. Kila setilaiti hubeba saa sahihi mno, na hutangaza wakati wake na mahali ilipo. Simu hupima muda ambao wimbi limetumia safarini, kisha huuzidisha kwa mwendo wa mawimbi hayo, yaani karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Matokeo yake ni umbali wa setilaiti hiyo.

Ingedhaniwa kwamba setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali. Lakini saa ya simu si sahihi kama ile ya setilaiti, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huleta kosa la mita 300 katika umbali. Kwa hiyo yasiyojulikana ni manne: vipimo vitatu vya mahali, na kosa la saa. Ndiyo sababu setilaiti nne huhitajika.

Penye uwanda ulio wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Bondeni mambo hubadilika. Ukingo wa mlima huzificha baadhi ya setilaiti, na mawimbi mengine hufika baada ya kugonga mwamba, hivyo huonekana kuwa yametoka mbali zaidi. Barabara inapopanda kwa kona kali, kipande kimoja kikiwa juu tu ya kingine, kosa la mita 20 laweza kuliweka lori katika kipande kisicho chake.

Hapa yafaa kusahihisha dhana moja. Simu haihitaji mtandao wa simu ili kupokea mawimbi ya setilaiti. Kinachohitaji mtandao ni ramani, ikiwa haikuhifadhiwa ndani ya simu kabla ya safari. Programu isiyohifadhi ramani huweza kumwonyesha dereva nukta moja katikati ya ukurasa mtupu.

Kutoka mahali hadi njia

Kujua mahali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua njia. Ramani hugeuzwa kuwa mtandao wa njia panda zilizounganishwa na vipande vya barabara, na kila kipande hupewa gharama yake. Mwaka 1959 mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alichapisha kanuni ya kutafuta njia yenye jumla ndogo kuliko zote katika mtandao wa namna hiyo. Programu nyingi za leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Gharama ifaayo kwa dereva kwa kawaida ni muda, wala si urefu. Chukulia njia mbili kati ya vijiji viwili. Ya kwanza ina kilometa 12 za mawe, na mwendo wake ni kilometa 15 kwa saa: safari itachukua dakika 48. Ya pili ina kilometa 20 za udongo uliosawazishwa, na mwendo wake ni kilometa 40 kwa saa: safari itachukua dakika 30. Njia ndefu ndiyo bora. Sasa mvua za masika zinyeshe, udongo uteleze, na mwendo katika njia ya pili ushuke hadi kilometa 20 kwa saa. Safari itachukua dakika 60, na uamuzi utageuka. Kanuni ya hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni habari iliyopewa. Habari hiyo haitoki angani, bali kwa watu wanaoipita njia hiyo.

Kwa nini mtumiaji ahusishwe

Mlalo ina funzo la zamani kuhusu jambo hili. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde hilo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na baadaye ukaenezwa kwingine katika Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta, na waliokaidi waliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa tatizo la kweli, lakini kazi ilikuwa nzito mno, na waliotakiwa kuifanya hawakuwa na sauti katika kuipanga. Wananchi waliupinga mpango huo, nao ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Chombo kilichobuniwa mbali na mtumiaji wake huweza kuwa na nia njema na hata hivyo kikashindwa.

Hatua za majaribio

Hatua ya kwanza hufanywa juu ya karatasi. Kurasa za programu huchorwa, dereva huonyeshwa gari likiwa limesimama, naye hueleza angefanya nini. Hatua ya pili ni jaribio la alfa, ambalo watengenezaji hulifanya wao wenyewe. Hatua ya tatu ni jaribio la beta, lililopewa jina la herufi ya pili ya Kigiriki: toleo ambalo halijakamilika hupewa watumiaji halisi, katika mazingira yao halisi.

Si lazima watu wawe wengi. Mara nyingi watu watano hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Hizo hurekebishwa, kisha wengine watano huitwa. Lakini yapasa watofautiane: dereva wa lori, dereva wa basi, mgeni wa milimani, mzee asiyeona vizuri maandishi madogo.

Usalama hutangulia. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akiitazama simu kwa sekunde mbili, amekwenda mita 33 bila kuiona njia. Hata kwa kilometa 30 kwa saa, hizo ni mita 17 hivi, nazo zatosha kuliangusha gari korongoni. Kwa hiyo dereva asiguse simu wakati gari linakwenda, na mpimaji akae kando yake akiandika.

Aandike nini? Ahesabu kona zilizokosewa na mara ambazo macho yaliiacha njia. Asitegemee swali la "Je, umeipenda?" Kwa adabu, wengi watajibu ndiyo. Tena anyamaze dereva anapobabaika, maana hapo ndipo kasoro ya chombo inapojitokeza.

Majaribio ya namna hii hufunua yale yasiyofikiriwa mezani. Sauti isemayo "pinda kushoto baada ya mita 200" humpa dereva wa kilometa 60 kwa saa nafasi ya sekunde 12. Yule anayepanda mlima kwa kilometa 20 kwa saa hupewa sekunde 36, na huenda akapinda mapema katika njia isiyo yake. Bora agizo lipimwe kwa sekunde. Aidha, watu wengi huelekezana kwa kanisa, soko au daraja, wala si kwa mita. Programu inayotaja alama hizo hueleweka upesi zaidi.

Zoezi

1. Setilaiti iko kilometa 20,200 moja kwa moja juu ya simu. Wimbi hutumia muda gani kufika?

2. Gari linakwenda kilometa 25 kwa saa. Agizo likitolewa mita 150 kabla ya kona, dereva ana sekunde ngapi?

3. Kundi moja la wanafunzi lichore ramani ya kutoka shuleni hadi sokoni. Mtu asiyeijua njia aifuate, na wachoraji wamfuate kimya wakiandika kila mahali anaposita. Kisha waisahihishe ramani, na kumpa mtu mwingine aijaribu.