Yoga haiishii kwenye viungo

*Mwalimu, kila alfajiri nafanya yoga kabla ya kwenda sokoni. Nasikia ina falsafa yake. Nitaiingizaje maishani bila kugongana na dini yangu? – Muuza maharage, Kasulu*

Hofu ya dada huyu ni ya wengi, na mwalimu anamtuliza: katika nguzo nane za yoga za mwanafalsafa Patanjali wa India, mikao ya mwili ni ya tatu. Ya kwanza ni maadili, kama kutodhuru na kutoiba, ambayo msikiti na kanisa huyahimiza pia.

Aanze na kutodhuru. Asubuhi za Kasulu na Kibondo zina baridi, hivyo apashe mwili kwanza. Goti lililochoshwa na palizi asililazimishe.

Kisha, kabla hajakunja mkeka, avute pumzi taratibu na kuchagua jambo moja la siku: kujaza kisado cha maharage bila hila, ndiko kutoiba.

Goti likivimba, aende zahanati.