Pengo, Mrithi na Mfumo: Lugha ya Hoja katika Mjadala wa Mashabiki wa Yanga kuhusu Kocha Mpya na Mshambuliaji, 2023–2024

1.0 Utangulizi

Mazungumzo ya mashabiki wa kandanda ni miongoni mwa matumizi ya Kiswahili yanayosikika kila siku katika miji ya Tanzania: kwenye vijiwe vya kahawa, vituo vya daladala, saluni za kiume, masokoni na maofisini. Kwa kuwa mazungumzo hayo huambatana na utani, tambo na kejeli, ni rahisi kwa mchunguzi wa lugha kuyachukulia kuwa ni kelele za kupitisha wakati. Makala haya yanadai kinyume chake. Chini ya tambo na kejeli hizo kuna hoja zenye muundo, na muundo huo unategemea kwa kiasi kikubwa msamiati ambao wazungumzaji wamekwisha kuukubali kabla ya kuanza kubishana.

Mfano unaochunguzwa hapa ni mjadala uliowashughulisha mashabiki wa klabu ya Yanga kuanzia katikati ya mwaka 1 2023, pale klabu ilipoachana kwa wakati mmoja na kocha na mfungaji wake mkuu. Maswali mawili yalitawala mjadala huo: kocha mpya anafaa au hafai, na nani acheze mbele. Dai kuu la makala haya ni kwamba maneno mawili ya kawaida, yaani pengo na mrithi, yaliliwekea swali la pili mipaka kabla halijajibiwa, na kwamba mipaka hiyo iliathiri namna wachezaji na kocha walivyohukumiwa. Semi zinazotolewa kama mifano ni zile za kawaida katika mazungumzo ya soka. Sentensi zinazoonyesha sarufi zimeundwa kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Muktadha wa Mjadala

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na mtani wake wa jadi, Simba, mwaka 1936. Chini ya kocha Nasreddine Nabi, raia wa Tunisia aliyejiunga nayo mwaka 2021, Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi katika misimu ya 2021/22 na 2022/23. Msimu huo wa pili ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa na USM Alger 2–1 Dar es Salaam, ikashinda 1–0 Algiers, na ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini.

Katika kipindi hicho mshambuliaji Fiston Mayele, raia wa Kongo, alikuwa nguzo ya timu. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 ya ligi, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na aliongoza kwa ufungaji katika Kombe la Shirikisho akiwa na mabao 7. Namna yake ya kushangilia ilimpa mashabiki kitenzi. Neno tetema, ambalo kwa kawaida hutaja mtikisiko wa mwili kwa baridi, homa au hofu, likawa na maana ya kufunga bao. Hivyo mtu aliweza kuuliza kama Mayele ametetema leo, na msikilizaji akaelewa kwamba anaulizwa habari za mabao.

Juni 2023 Nabi aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Miguel Gamondi kutoka Argentina. Baada ya muda mfupi Mayele alihamia Pyramids ya Misri. Mbele walibaki Kennedy Musonda wa Zambia, aliyekuja Januari 2023, na Clement Mzize, kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana. Aliongezwa Hafiz Konkoni kutoka Ghana, ambaye hakumaliza msimu. Katika dirisha dogo la Januari 2024 alisajiliwa Joseph Guede kutoka Ivory Coast. Hawa ndio waliokuwa mada ya ubishi.

3.0 Msamiati wa Mshambuliaji

3.1 Pengo na mrithi

Neno pengo kwa asili hutaja nafasi iliyoachwa na kitu kilichong'oka, kama vile jino. Sitiari hiyo ina sharti ndani yake. Pengo la jino lina umbo la jino lililong'oka, na kinachotakiwa kuliziba ni kitu cha umbo lilelile. Anayesema kwamba Mayele ameacha pengo hasemi tu kwamba timu imepungukiwa mabao. Anasema pia kwamba upungufu huo una umbo la mtu mmoja.

Neno mrithi linaongeza sharti jingine. Mrithi hurithi kutoka kwa mtu maalumu, na uhalali wake hupimwa kwa kulinganishwa na mtu huyo. Kwa hiyo, mara mjadala ulipoanza kwa kuuliza nani ni mrithi wa Mayele, majibu yaliyowezekana yalikuwa majina ya watu tu. Jibu la aina nyingine, kwa mfano kwamba mabao yagawanywe kwa viungo watatu, halikuweza kuingia kwenye swali hilo bila kwanza kulivunja.

3.2 Namba tisa

Msemo namba tisa unatokana na utaratibu wa zamani ambapo wachezaji wa kikosi cha kwanza walivaa jezi za namba 1 hadi 11 kulingana na nafasi zao uwanjani. Siku hizi mchezaji huweza kuvaa namba yoyote, lakini katika Kiswahili cha soka namba sita, namba tisa na namba kumi zimebaki kuwa majina ya nafasi na kazi. Mtu husema kwamba timu haina namba tisa hata kama jezi hiyo imevaliwa.

Msemo huu, tofauti na mrithi, ungeweza kuwafikisha mashabiki kwenye mjadala wa kazi badala ya mtu. Namba tisa anaweza kuwa mmaliziaji anayengoja ndani ya eneo la hatari. Anaweza pia kuwa mchezaji anayewavuta mabeki ili wengine wapite. Hata hivyo, maana ya kwanza ndiyo iliyoshika nguvu, kwa sababu ndiyo iliyolingana na kumbukumbu ya Mayele. Maneno mmaliziaji na mtupiaji, yote yakiwa nomino za mtenda, yaliifunga kazi ya mshambuliaji kwenye tendo lake la mwisho. Mchezaji aliyefungua njia bila kufunga hakuwa na jina.

3.3 Jembe na garasa

Usajili mpya hupewa majina ya zana: jembe, kifaa, mashine. Anayeshindwa kuonyesha makali huitwa garasa, neno la mchezo wa karata linalotaja karata isiyo na thamani. Kundi la kwanza linatoka katika kazi, nalo garasa linatoka katika bahati. Jembe hupimwa shambani baada ya muda, lakini garasa hujulikana papo hapo karata inapofunuliwa. Kwa hiyo kumwita mchezaji garasa baada ya mechi chache ni kudai kwamba hakuna la kungoja.

Mzize hakuingia kwa urahisi katika kundi lolote kati ya haya mawili. Yeye aliitwa kijana, au mzawa. Maneno hayo yalimpa huruma, lakini pia yalimweka nje ya orodha ya warithi, kwa kuwa kijana ni mtu wa kesho na swali lilikuwa la leo. Ikumbukwe kwamba kanuni ziliruhusu klabu kusajili wachezaji 12 wa kigeni, na hivyo ushindani wa nafasi ya mbele ulikuwa mkali. Hapa lugha haikuwa pambo. Iligusa nafasi ya mchezaji halisi katika macho ya umma wa klabu yake.

4.0 Msamiati wa Kocha

Kiswahili cha soka kina maneno mawili kwa mtu mmoja: kocha, lililotoholewa kutoka Kiingereza, na mwalimu, lenye asili ya Kiarabu. Kocha hutaja cheo na mkataba. Mwalimu ni neno la heshima, na ndilo linalofaa zaidi mtu anapoitwa ana kwa ana. Mwalimu ana wanafunzi, na wanafunzi huhitaji muda. Anayetaka kumtetea mkufunzi mpya huona faida ya kulitumia neno hilo, kwa sababu linabeba ombi la subira bila kulitamka.

Sambamba na hilo ni neno mfumo. Mfumo ulikuwa jibu la watetezi wa Gamondi kwa swali la mrithi: kwamba timu ilikuwa inajengwa ili ifunge kutoka pande nyingi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5–1. Musonda alifunga bao la kwanza. Manne yaliyofuata yalifungwa na viungo, yaani Maxi Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki moja na Pacome Zouzoua moja kwa penalti. Mwisho wa msimu Yanga ilitwaa tena ubingwa, na mfungaji bora wa ligi alikuwa kiungo, Aziz Ki, kwa mabao 21. Idadi hiyo inazidi ile ya Mayele ya msimu uliotangulia.

Ingedhaniwa kwamba takwimu hizi zingeufunga mjadala. Hazikuufunga, na sababu yake si ukaidi. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Machi na Aprili 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns zilitoka 0–0 Dar es Salaam na 0–0 Pretoria, kisha Sundowns ikapita kwa mikwaju ya penalti. Katika mechi ya pili shuti la Aziz Ki liligonga mwamba na kudunda chini, na mwamuzi akalikataa bao. Walioshikilia hoja ya pengo walipata dakika 180 bila bao kama ushahidi wao. Hivyo kila upande ulikuwa na ushahidi wa kweli. Hoja ya mfumo ilitegemea msimu mzima wa ligi, na hoja ya pengo ilitegemea mechi chache kubwa. Walichotofautiana ni kipimo, lakini kipimo chenyewe hakikujadiliwa, kwa kuwa kilikuwa kimefichwa ndani ya maneno.

5.0 Sarufi ya Lawama

Vipengele vitatu vya sarufi vinastahili kutajwa.

Kwanza ni viambishi vya nafsi. Katika ushindi, shabiki huelekea kutumia nafsi ya kwanza wingi: tumefunga, tumechukua ubingwa, tumesajili jembe. Katika kushindwa, kiambishi huelekea kuwa cha nafsi ya tatu: wamesajili vibaya, wametuuza. Katika neno wametuuza nafsi zote mbili zipo: viongozi ni watenda na mashabiki ni watendwa. Umiliki wa timu hupanuka na kusinyaa kwa kubadilisha kiambishi tu.

Pili ni hali ya masharti. Sentensi kama vile "Mayele angekuwepo, tungefunga" ina nguvu ya pekee katika ubishi, kwa sababu haiwezi kukanushwa na tukio lolote. Kiambishi -nge- kinaunda mechi ambayo haikuchezwa. Wachezaji waliokuwepo walishindanishwa na mchezaji wa mechi hiyo, ambaye hakosi bao.

Tatu ni kauli ya kutendwa. Wito wa kumwondoa kocha hutolewa kwa maumbo kama atimuliwe na afungashiwe virago. Katika umbo la pili, mzizi fungash- unapata kiambishi cha kutendea na cha kutendwa, na matokeo yake ni tendo ambalo mtenda wake hatajwi. Kocha hufungashiwa, aliyefungasha haonekani. Sarufi inaruhusu uamuzi mzito utamkwe bila mtu kuubeba.

Uzito huo si wa nadharia tu. Novemba 2024 Yanga ilifungwa na Azam 1–0 na kisha na Tabora United 3–1 katika mechi mbili za ligi zilizofuatana. Siku chache baadaye Gamondi aliondolewa, ikiwa ni miezi michache tu tangu atwae ubingwa. Si halali kudai kwamba maneno ya mashabiki ndiyo yaliyomwondoa, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wa uongozi. Inatosha kuona kwamba neno mwalimu, pamoja na subira iliyomo ndani yake, halikuweza kumlinda kwa mechi mbili.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mjadala wa mashabiki kuhusu kocha na mshambuliaji ulikuwa na pande mbili zenye hoja, na kwamba kila upande ulisimama juu ya msamiati wake: pengo, mrithi na mmaliziaji kwa upande mmoja, mwalimu na mfumo kwa upande mwingine. Upande wa kwanza uliuliza nani, na wa pili uliuliza vipi. Walipobishana kana kwamba wanajibu swali moja, ubishi haukuweza kwisha.

Yapo pia mafunzo ya mbinu. Mchunguzi wa mijadala ya aina hii hana budi kutenganisha tambo na hoja, bila kuidharau tambo, kwa maana mara nyingi neno la tambo ndilo linalobeba msingi wa hoja. Vilevile, haitoshi kuorodhesha istilahi za soka. Inafaa kuuliza kila istilahi inaruhusu swali gani na inazuia lipi.

Kuhusu Mzize, msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 ya ligi. Kijana aliyewekwa kando ya orodha ya warithi alikuwa muda wote huo ndani ya kikosi, akicheza. Tukio hilo halithibitishi kwamba waliomtilia shaka mwaka 2023 walikosea, kwa kuwa mchezaji hukua. Linaonyesha tu kwamba neno kijana lilikuwa limelihamishia swali lake kwenye wakati ujao, na kwamba wakati huo ulifika mapema kuliko neno lilivyoruhusu.