Bomba Nililoliacha Wazi



Wapendwa vijana wenzangu, somo la leo sikulipata darasani, nililipata kwenye bomba la maji. Nimesoma falsafa miaka mitatu. Nimeandika kurasa nyingi juu ya uhuru wa mtu na wajibu wake, na alama zilikuwa nzuri tu. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa unanisubiri nyuma ya nyumba ya mapadre, kwenye migomba.

Nilikuwa kwenye mwaka wangu wa uchungaji, katika parokia moja ya kijijini. Kule maji ni ya mgao. Yanakuja usiku, mara mbili kwa wiki, na yakija yanapanda kwenye tangi ndipo nyumba nzima ipate ya kutumia. Ijumaa moja mchana nikatoka na beseni langu la nguo, nikafungua bomba la chini, lile la bustanini. Kimya. Nikazungusha koki mpaka mwisho, likakoroma kidogo, basi. Mara vijana wa kwaya wakaniita, maana Jumapili yake Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara na nyimbo zilikuwa bado hazijakaa sawa. Nikaacha beseni pale pale, nikaenda. Koki sikuifunga, na wala sikuikumbuka tena.

Usiku maji yakaja. Kwa kuwa bomba la chini lilikuwa wazi, hayakupanda kwenye tangi. Yakamwagika migombani mpaka alfajiri. Jumamosi asubuhi akina mama wa WAWATA wakafika na masufuria yao, tayari kuandaa chakula cha wageni. Wanafungua bomba la jikoni, hakuna kitu. Tangi tupu.

Baba Paroko akamwita babu mlinzi. "Babu, maji yamemwagika usiku kucha, wewe ulikuwa wapi?" Babu akavua kofia. "Nisamehe, Baba. Nilikuwa getini, sikusikia." Paroko hakufoka. Alisema tu kwamba labda sasa umri umemzidi, na kwamba baada ya sherehe watakaa waliongelee suala la kazi yake. Mama mmoja akaongeza kwa sauti ya chini kuwa babu siku hizi analala tu.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilipoona tope kwenye migomba, nilijua ni mimi. Sikusema.

Nilichofanya ni kuchukua ndoo. Nikashuka bondeni kisimani na kupanda nayo, safari saba, jasho linatiririka. Akina mama wakafurahi: "Huyu Frateri wetu atakuwa padre mzuri!" Nikatabasamu. Ndugu yangu, sijawahi kusifiwa nikajisikia vibaya kama siku ile.

1. Bahati mbaya si dhambi

Tuanze na hili, kwa sababu vijana wengi tunajitesa bure. Kusahau koki haikuwa dhambi yangu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba kutojua, kutokuwa makini, hofu na mambo mengine ya namna hiyo yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake, au hata kuuondoa kabisa. Umevunja sahani, umesahau kumpigia mama, umekanyaga mguu wa mtu kwenye daladala: omba radhi, rekebisha, endelea na safari. Mungu wetu si askari wa kukuvizia kwenye kona.

Aristotle naye alilitazama jambo hili. Kwake, anayetenda kwa kutojua halafu akaumia anapogundua alichofanya, huyo kweli hakukusudia. Asiyeumia ni mtu wa namna nyingine. Nilipokumbuka hilo nilijiuliza: mimi nimeumia? Ndiyo, niliumia. Ila nilikuwa naumia kwa kuogopa kujulikana. Kwa ajili ya babu nilikuwa bado sijaumia.

2. Dhambi iliingia baada ya ajali

Soma Mwanzo sura ya 3. Adamu amekosa, anajificha kwenye miti. Mungu anapomwuliza, anamtaja mwanamke. Mwanamke naye anamtaja nyoka. Mimi sikumtaja mtu yeyote, na hapo ndipo nilipojidanganya. Nilijiambia, "Sijasema uongo." Ni kweli, sikusema uongo. Nilimwacha babu asimame mahali pangu. Mtume Yakobo (4:17) anatuambia kwamba anayejua lililo jema naye asilitende, kwake ni dhambi. Tunapokiri mwanzoni mwa Misa hatutaji mawazo, maneno na matendo peke yake. Tunataja pia wajibu ambao hatukuutimiza. Ukimya wangu ulikuwa hapo.

Na zile ndoo saba? Zilikuwa kazi nzuri, akina mama walipata maji. Lakini mimi nilizibeba ili nisiseme. Hii ni hatari kwetu sisi tunaotumika kanisani. Unaweza kuimba kwaya, kufagia kanisa, kuongoza rozari ya jumuiya, na vyote hivyo vikawa njia ya kukwepa neno moja tu: "Ni mimi."

3. Kitubio hakiishii kwenye kiti cha maungamo

Jumamosi jioni alikuja padre wa parokia jirani kuwaungamisha watoto wa Kipaimara. Nikapanga foleni nao. Nilieleza yote. Padre akanyamaza kidogo, akauliza, "Na huyo mzee je?"

Nilikuwa nimetegemea kusali Salamu Maria kadhaa nikalale. Lakini Kanisa linafundisha (KKK 1459) kwamba ondoleo linafuta dhambi, ila haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeyaleta. Aliyeiba arudishe. Aliyemharibia mwenzake jina amrudishie jina lake. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani kwake. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Basi kabla ya chakula cha usiku nikagonga mlango wa Baba Paroko. Nikasema. Alinitazama kwa muda, kisha akachukua tochi: "Twende wote kwa babu. Hata mimi nina la kumwambia."

Tulimkuta getini anaota moto. Paroko akamwomba radhi kwanza. Nami nikaomba. Babu akacheka kidogo. "Frateri, beseni lako nililiona asubuhi pale bombani. Nikalipeleka uani kabla watu hawajafika."

"Sasa babu, mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ningekuwa nimekushtaki. Nilitaka useme wewe."

Nilikosa jibu. Mzee yule alikuwa tayari kupoteza kazi, na bado alinipa nafasi.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya Misa, nikaenda jikoni kwa akina mama, maana jina la babu lilikuwa limechafuka hata kule. Wakaangua kicheko. "Kumbe ni wewe! Basi zile ndoo ulizistahili!" Mmoja wao, yule aliyesema babu analala, hakucheka. Alipakua chai na maandazi, akampelekea babu getini yeye mwenyewe.

Kwa tafakari yako wiki hii

Kabla hujalala leo, jiulize mambo matatu. Je, kuna mtu anayelaumiwa kwa jambo ambalo najua si lake? Je, kuna wema ninaoufanya ili nisikiri kosa fulani? Na je, nikishaungama, nani bado anasubiri kusikia neno langu? Ukimpata mtu huyo, usingoje Jumapili. Mpigie simu, au vaa ndala umfuate.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe ulibeba lawama isiyo yako. Tupe ujasiri wa kubeba iliyo yetu, na utujalie kumrudishia kila mtu heshima tuliyomwondolea. Amina.

Mniombee na mimi, kama ninavyowaombea. Na mkimaliza kuteka maji, fungeni koki, hata kama hayajatoka!