Amri ya Nane na Habari Zinazokuja kwa Simu



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo linalotugusa sote, wazee kwa vijana, nalo ni habari zinazotujia kwa simu. Zamani habari ilikuja kwa miguu. Mwenye kuisikia alimwona usoni yule aliyeileta, akaweza kumwuliza, "Je, umeona, au umesikia?" Siku hizi habari haina miguu wala uso. Yaingia mkononi mwetu alfajiri kabla hatujasali, na kabla ya jua kuchwa imekwisha kufika kwa ndugu zetu walio Ulaya na Uarabuni.

Wengi hufikiri kwamba dhambi ya uongo ni ya yule aliyeutunga tu. Mwenye kuupeleka mbele ni kama tarishi, hana neno. Somo letu lasema kwamba apelekaye habari ni shahidi, na shahidi amewekewa amri. Walimu na wainjilisti wanaofundisha darasa la kipaimara na walitie moyoni jambo hili, maana vijana wao hushuhudia kwa vidole vyao mara nyingi kila siku wala hawajui.

1. Shahidi ni nani?

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo (Kutoka 20:16). Katika Israeli shahidi hakuwa mtu wa kuchezewa. Neno la shahidi mmoja halikutosha kumhukumu mtu. Walitakiwa wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15). Tena mtu alipohukumiwa kufa, mashahidi ndio waliopaswa kutupa mawe ya kwanza (Kumbukumbu 17:7). Fikirini vema maana yake. Kinywa kilichonena na mkono uliotupa jiwe vilikuwa vya mtu mmoja, wala hakuweza kujitetea kwamba yeye alisema tu. Na katika Kutoka 23:1-2 Mungu akataza mambo mawili mahali pamoja: kuchukua habari ya uongo, na kuufuata umati wa watu katika kutenda mabaya. Mambo haya mawili ni ndugu. La kwanza humzaa la pili.

Sasa tuseme ujumbe umekuja katika kundi la usharika kwamba mtunza hazina amekula fedha za sadaka. Hauna jina la mwandishi. Chini yake pameandikwa kwamba upelekwe kwa wengine upesi kabla haujafutwa. Wewe wautuma kwa watu ishirini, ukiongeza neno, "Sijui kama ni kweli." Je, neno hilo lakuponya? La, hasha. Wale ishirini hawatakumbuka kwamba ulisema hujui; watakumbuka jina la mtu na fedha zilizopotea. Ikiwa hujui, umeshuhudia nini?

Wako wanaojitetea kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa kumwonya mtu ajihadhari. Lakini haifai kuwa hukumu. Mengi yamesemwa ambayo hayakuwako, wala hayakuja kamwe, na watu wamekufa kwa ajili yake.

2. Madhabahu ya mtoni Yordani

Someni Yoshua 22 yote, maana sura hii haisomwi sana, nayo ni hazina kwa somo letu. Wana wa Reubeni na wa Gadi na nusu ya kabila ya Manase walirudi kwao ng'ambo ya Yordani baada ya vita. Wakajenga madhabahu kubwa karibu na mto. Habari ikafika kwa Waisraeli wengine, nao wakakusanyika Shilo tayari kwenda kupigana na ndugu zao, maana walidhani kwamba wamemwasi Bwana na kujifanyia mahali pengine pa kutolea dhabihu.

Angalieni sana: habari ile haikuwa uongo. Madhabahu ilikuwako, na kila mtu angaliweza kuiona kwa macho. Lililokosekana ni maana yake. Basi kabla ya kutoka na silaha, wakamtuma Finehasi mwana wa kuhani Eleazari, pamoja na wakuu kumi, mmoja wa kila kabila. Hao wakawaendea ndugu zao, wakasema wazi neno lililowatia hofu, kisha wakanyamaza na kusikiliza. Wakajibiwa kwamba madhabahu ile si ya sadaka. Ni ukumbusho tu, ili siku moja watoto wa ng'ambo wasiambiwe kwamba hawana fungu kwa Bwana. Finehasi na wakuu wakaridhika. Wakarudi na neno hilo, na watu wakamhimidi Mungu, wala hawakunena tena juu ya vita. Madhabahu yenyewe ikaitwa shahidi.

Ndugu, vita ile ilizuiwa na watu kumi na mmoja waliokubali kusafiri ili kuuliza. Hawakuidharau habari wala hawakuificha. Waliichukua mpaka kwa wale iliyowahusu.

3. Mahali ambapo hawakuuliza

Yatupasa pia kutazama jambo la nyakati zetu. Mwaka 2018 katika nchi ya India habari zilisambazwa kwa WhatsApp kwamba wezi wa watoto wanazunguka vijijini. Pamoja na habari hizo zilipelekwa video. Mojawapo yaonyesha watu wawili wa pikipiki wakimnyakua mtoto njiani. Video hiyo ilitengenezwa Karachi, Pakistan, ili kuwafundisha wazazi wawalinde watoto wao. Mwishoni wale wawili humrudisha mtoto na kuonyesha maneno ya onyo. Mtu fulani alikata sehemu ile ya mwisho. Hivyo kama ile madhabahu ya Yordani, kilichoonekana kilikuwako kweli, lakini maana yake iligeuzwa.

Tarehe 1 Julai 2018 watu watano walifika kijiji cha Rainpada katika jimbo la Maharashtra. Walikuwa watu wa jamii ya wahamaji, wenye kuomba riziki yao kijiji kwa kijiji. Mmoja wao alionekana akisema na mtoto. Watu wakawakamata, wakawatia katika chumba cha ofisi ya kijiji, wakawapiga mpaka wote watano wakafa. Hapakuwa na Finehasi wa kuwauliza wametoka wapi. Mwaka ule zaidi ya watu ishirini waliuawa India kwa uvumi wa namna hiyo. Wengi waliopeleka ujumbe ule walidhani kwamba wanawapenda watoto, wala hawakuona mkono wao ukitupa jiwe.

Wala tusiseme kwamba mambo haya ni ya mbali. Hapa Afrika Mashariki, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Sababu za machafuko zilikuwa nyingi, lakini ujumbe wa chuki na uvumi uliopita katika simu uliongeza kuni motoni.

4. Onyo kutoka nyumbani mwetu

Sisi Walutheri twajivunia Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Humo Martin Luther aeleza amri ya nane kwa namna ya kupendeza: haitoshi kuacha kumsingizia jirani, yatupasa kumtetea, kumsema vema, na kuyapokea mambo yake kwa maana iliyo njema.

Lakini imetupasa kunena kweli juu ya nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1543 Luther huyo huyo alitoa kitabu juu ya Wayahudi, na ndani yake alirudia uvumi wa kale kwamba hutia sumu visimani na kuiba watoto. Uvumi ule ulikuwa umekwisha kumwaga damu nyingi. Katika miaka ya tauni kuu, 1348 na 1349, maelfu ya Wayahudi waliuawa Ulaya kwa sababu ya masingizio ya visima. Luther hakuutunga, aliupokea na kuupeleka mbele kwa mashine ya kupigia chapa, na jina lake likaupa nguvu. Baada ya miaka mia nne Wanazi wakayatumia maneno yake. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitangaza wazi kwamba layakataa.

Twajifunza nini? Kwamba elimu kubwa haimkingi mtu, wala imani hodari, wala kuijua amri kwa moyo. Kadiri mtu anavyoheshimiwa, ndivyo uongo apitishao unavyoaminiwa. Mwinjilisti akituma habari kwa washarika, wao husema, "Mwalimu ametuletea," wala hawaulizi tena. Kwa hiyo kiongozi wa kanisa na awe wa mwisho kutuma.

5. Maswali manne kabla ya kutuma

Mtume Paulo atuagiza kujaribu mambo yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuwa waliyachunguza Maandiko ili kuona kama maneno ya Paulo mwenyewe ni kweli (Matendo 17:11). Basi tujiulize maswali haya.

La kwanza: Ni nani aliyeona? Tafuteni jina la mtu, mahali na tarehe. Katika WhatsApp ujumbe uliopitishwa mara nyingi huwekewa alama ya mishale miwili. Alama hiyo haionyeshi kwamba ni uongo. Yaonyesha kwamba umepita mikono mingi, na aliyekutumia huenda hajui ulikotoka. Tena siku hizi mitambo ya akili mnemba yaweza kuigiza sauti na uso wa mtu. Kwa hiyo hata tunaposikia sauti ya askofu wetu akiomba fedha, tumpigie yeye mwenyewe au ofisi yake kwa namba tuijuayo.

La pili: Je, hili ni jambo lililotokea, au ni maoni ya mtu juu yake? Kwamba mchungaji amehamishwa ni jambo. Kwamba amehamishwa kwa sababu anachukiwa ni maoni. Mara nyingi hayo mawili husafiri katika sentensi moja, nasi humeza yote pamoja.

La tatu: Upande wa pili umesikiwa? Mithali 18:17 yatufundisha kwamba wa kwanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenziwe aje na kumhoji. Ikiwa umesikia mmoja tu, bado hujasikia shauri.

La nne: Je, habari hii yanihusu mimi kuitoa, na kwa nani? Katika Katekisimu Kubwa Luther afundisha kwamba kuijua dhambi ya mtu hakutupi ruhusa ya kuihukumu mbele ya watu. Bwana Yesu ametuonyesha njia: mwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu (Mathayo 18:15). Lakini mtu asilitumie neno hili kufunika uovu. Mtoto akiumizwa, au mali ya kanisa ikiibwa, peleka neno upesi kwa wenye mamlaka ya kuchunguza, yaani wazee wa kanisa, ofisi ya serikali, au polisi. Hao waweza kuuliza na kupata jibu. Kundi la watu mia mbili haliwezi.

Na ikiwa hatupati jibu la maswali haya, tungoje. Habari ya kweli haiozi kwa kulala usiku mmoja, na haraka haraka haina baraka.

6. Ikiwa uongo umekwisha kutoka

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye kuyamwaga aweza kupangusa sakafu. Aliyetuma uongo asiufute kimya kimya na kunyamaza, maana waliousoma wamebaki nao. Arudi katika kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, aseme wazi: "Habari niliyoleta si kweli, naomba radhi." Kisha amwendee aliyesingiziwa. Ni jambo la aibu kwa saa moja, bali jina la jirani laweza kupotea kwa maisha yote. Nasi tunaosikia ungamo hilo tusimcheke mwenzetu. Tumshukuru, ili na wengine wapate moyo wa kufanya vivyo hivyo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Torati iliwaagiza mashahidi watupe mawe ya kwanza?
2. Habari iliyofika Shilo ilikuwa kweli kwa upande gani, na ilikosa nini?
3. Taja ujumbe mmoja ulioupokea juma hili. Ni nani aliyeona mambo yaliyomo?
4. Katika usharika wetu, ni nani tungeweza kuwatuma kama Finehasi habari mbaya inapozuka?

Mungu, aliye kweli, azilinde ndimi zetu na vidole vyetu, ili jirani yetu akae salama pamoja nasi. Amina.