Kupe na Papasi: Wajue, Ilinde Kaya Yako

Katika wilaya za Manyoni, Ikungi, Iramba na Mkalama, mifugo hulala hatua chache tu kutoka mlangoni. Wanyonya damu wawili hutuzunguka: kupe na papasi. Ni ndugu, na wote wakikomaa wana miguu minane. Tabia zao ndizo zinazotofautiana, na kinga dhidi yao pia.

KUPE

Huvizia kwenye majani na kwenye mifugo. Ana gamba gumu mgongoni, na kinywa chake huonekana mbele. Akishauma, hung'ang'ania ngozini siku kadhaa. Kupe wa masikio huwaletea ng'ombe ndigana kali. Binadamu anaweza kupata homa, kichwa kuuma, na pengine kidonda chenye kigaga cheusi pale alipoumwa.

Ukimkuta mwilini:
- Mshike kwa kibano, karibu kabisa na ngozi.
- Mvute polepole, bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni.
- Usimchome moto, usimpake mafuta ya taa, usimpasue kwa kucha.

PAPASI

Hana gamba. Ngozi yake ina mikunjo, rangi yake ni ya udongo, na ukimtazama kwa juu huoni kinywa. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda mfupi, hurudi ufani. Ndiyo maana asubuhi humkuti mwilini.

Huweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa si salama. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, daktari Mjerumani Robert Koch alichunguza papasi wa Afrika Mashariki, akaona kuwa jike huwarithisha watoto wake vijidudu vya homa ya papasi kupitia mayai.

HOMA YA PAPASI

Homa kali huanza ghafla, pamoja na baridi, kichwa na viungo kuuma. Baada ya siku chache hupoa, mgonjwa akadhani amepona. Wiki moja hivi baadaye, hurudi. Hufanana sana na malaria. Huweza kuharibu mimba na kuua watoto wachanga.

Hutibika kwa antibayotiki. Usijitibu nyumbani: dozi ya kwanza inaweza kupandisha homa ghafla, hivyo mgonjwa anahitaji uangalizi.

KINGA

- Nyumba ya tembe ya wazee wetu haina kosa. Adui yumo kwenye nyufa. Zizibe, piga lipu kuta na sakafu.
- Lala kitandani, mbali na ukuta. Chomeka chandarua chini ya godoro.
- Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja na watu.
- Ogesha mifugo kwenye josho kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo.
- Kagua watoto wanaporudi kutoka machungani: masikio, kwapa, kinena.

Mama, baba: homa ikirudi na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, rudi kituo cha afya homa ikiwa bado imepanda. Mwambie mhudumu, "Nyumbani kwetu kuna papasi," ili damu ipimwe kwa hadubini. Neno hilo linaweza kuokoa maisha ya mwanao.